Namba Tisini na Nne

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema ili mtu asije akalalamika baadaye. Nikinunua mayai nayahesabu mbele ya muuzaji, na nikifika nyumbani nayahesabu tena, maana njiani lolote laweza kutokea. Padri akitangaza kwamba misa itakuwa fupi, natia kipande cha mkate mfukoni. Na mume wangu, Duilio Bertagni, nimeishi naye miaka thelathini na mmoja nikimshuku kwa mambo mawili: gari na torone.

Nianze na gari, kwa sababu hilo kijiji kizima cha Roncofosco kinalijua.

Ujanani Duilio alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa. Alishiriki Mzunguko mara mbili. Kwetu ukisema Mzunguko hakuna anayeuliza ni mzunguko wa nini. Ni mbio za baiskeli za kuzunguka nchi nzima, zile wiki tatu za mwezi wa tano ambapo watu wazima hufunga maduka wakakimbilia barabarani kuwatazama wanaume waliokonda wakipita. Duilio hakuwa nyota. Alikuwa wa kubeba chupa za maji, wa kukinga upepo, wa kusubiri. Timu ilimwajiri kwa sababu ya urefu wa miguu yake. Nahodha wao, Corrado Ferlenghi wa Cremona, alikuwa na miguu ya urefu ule ule, sentimita kwa sentimita. Basi timu ilitaka ubavuni mwa nahodha awepo mtu ambaye baiskeli yake nahodha anaweza kuirukia wakati wowote, ikamkaa sawa bila kurekebisha kiti. Duilio alikuwa baiskeli ya akiba yenye roho ndani yake. Hayo ni maneno yangu, yeye hajawahi kulalamika.

Mara yake ya pili, hatua ya kumi na sita, na kila hatua ni mbio za siku moja, ilipita hapa hapa kwetu, juu ya mlima Lupaio. Mvua ilinyesha tangu asubuhi na ukungu ulikuwa mzito, watu hawakuona mbele zaidi ya kona moja. Jioni yake waamuzi walitangaza kwamba namba tisini na nne amefukuzwa mashindanoni, ameonekana amening'inia kwenye dirisha la gari, anavutwa kupanda mlima. Namba tisini na nne alikuwa Duilio. Kwenye mlima wake mwenyewe, mama yake amesimama kileleni na mwavuli.

Baada ya hapo hakuna timu iliyompigia simu. Akapata kazi ya serikali ya jimbo, mtunza barabara. Na barabara aliyopewa ni ipi? Ya Lupaio. Miaka ishirini na tisa alikata nyasi pembeni mwake, akamwaga chumvi wakati wa barafu, akaziba mashimo, akaokota mawe yaliyoporomoka. Watu wa bondeni wakipita na magari yao walikuwa wakipunguza mwendo, wanateremsha kioo, wananyoosha mkono nje.

"Duilio, shika hapa, tukuvute."

Naye aliinua koleo kuwasalimia, kana kwamba wamemtakia asubuhi njema. Mimi nilikuwa nawatukana mpaka wanapotea konani. Lakini moyoni, na hili ndilo baya, niliamini kwamba alishika. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, tukiwa tunamenya njugu za kuchoma mezani, aliniambia, "Nives, sikuwa mimi." Nilicheka. Nikamwambia gereza la Parma limejaa watu wanaosema hivyo hivyo. Alicheka na yeye kidogo, akaendelea kumenya, na tangu siku ile hakulitaja tena.

Torone sasa. Kila mwezi wa kumi na mbili, siku chache kabla ya Krismasi, posta inaleta sanduku kutoka Cremona. Ndani yake mna torone, ile peremende nyeupe ya asali na lozi ambayo mtu wa meno ya bandia huitazama kwa mbali. Torone nzuri, ya bei. Hakuna barua wala jina la mtumaji. Jina la Duilio tu, limeandikwa kwa mkono uliotulia.

"Nani huyu?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Chama cha wastaafu labda."

"Una miaka thelathini na minne."

"Basi wamekosea."

Wakakosea miaka thelathini mfululizo. Nilichunguza mihuri ya posta. Nilinusa karatasi kama kuna manukato. Nililinganisha mwandiko na wa walimu wote wa kike ninaowajua. Maana fikiria: Duilio ni mtu anayetia vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe cha kahawa kisichozidi mafunda mawili. Kwenye maonyesho ya kijiji anakula maandazi mpaka anatia haya. Lakini torone ile hakuigusa hata siku moja. Aliifungua, akaikata vizuri kwa kisu, akaisukuma upande wangu. "Kula wewe," anasema, "mimi sipendi tamu." Mwanamume anayekataa zawadi aipendayo ana jambo. Nilijua kabisa kuna mwanamke Cremona. Nilimpa hata jina, nikamwita Wanda, na kila Krismasi nilimtafuna Wanda kipande kwa kipande, kwa sababu torone yenyewe ilikuwa tamu na kuitupa ni dhambi.

Ndivyo tulivyoishi, mpaka majira ya kuchipua ya mwaka huu, ilipotangazwa kwamba Mzunguko utapita tena Lupaio.

Learco Pasquini ndiye mwenye duka la dawa, na ndiye mwenyekiti wa klabu yetu ya baiskeli, ingawa mwenyewe akipanda baiskeli utadhani anapanda ngazi. Alikuja na wazo la jiwe. Jiwe kubwa kileleni, na majina ya wana wa bonde letu walioshiriki Mzunguko yachongwe juu yake, lizinduliwe siku hiyo hiyo mashindano yanapopita. Nikaenda dukani kwake kununua dawa ya kikohozi. Kikohozi sikuwa nacho.

"Majina mangapi?" nikamuuliza.

"Moja. Marehemu mzee Amilcare, alishiriki kabla ya vita."

"Na Duilio?"

Learco alianza kupanga visanduku vilivyokuwa vimeshapangwa. "Dada Nives, unanipa wakati mgumu. Jiwe ni la watu waliotuletea heshima."

"Amilcare alianguka korongoni siku ya tatu. Alirudishwa na mkokoteni wa maziwa."

"Alianguka kwa heshima."

"Duilio alifika Roma, alifika Napoli, alilala na homa akaamka akaendesha kilomita mia mbili."

"Na akashika gari hapa mlangoni kwetu." Akaacha visanduku, akanitazama. "Sikiliza. Mwambie aje yeye mwenyewe. Asimame hapo uliposimama, aniangalie machoni, aniambie, Learco, sikushika. Nitampigia fundi leo leo achonge jina. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akikana. Wewe umemsikia?"

Nilikuwa nimemsikia, mara moja, na nilicheka. Nikamwambia, "Nipe dawa yangu."

Alipokuwa akinifungia chupa akaongeza, kwa kujigamba, kwamba atakayezindua jiwe ni Corrado Ferlenghi mwenyewe, ambaye siku hizi huzunguka na msafara kama mgeni wa heshima, ndani ya gari lisilo na paa.

Nyumbani Duilio alikuwa mezani, mbele ya kahawa yake. Nikamweleza habari ya jiwe. Akasema, "Mwache Learco na jiwe lake."

"Nenda ukamwambie hukushika."

"Nina kazi. Kona ya saba ina kokoto, mtu atateleza."

"Wewe umestaafu."

"Kokoto hazijui."

"Anakuja Ferlenghi kulizindua."

Kijiko kilikuwa njiani kutoka kwenye sukari. Kikasimama hewani. Kisha akakirudisha kwenye kopo na sukari yake yote, akanywa kahawa chungu, akafuta mdomo, akatoka na fagio. Machale yakanicheza. Katika ndoa yetu yote sijawahi kumwona akinywa kahawa bila sukari, hata siku ya kumzika mama yake.

Sasa kuna jambo la magazeti. Kileleni Lupaio, hata mwezi wa tano, upepo unakata. Waendeshaji hufika juu wamelowa jasho, na mbele yao ni kuteremka kilomita kumi na nane. Kwa hiyo watu wa kwetu, tangu enzi za babu, husimama kileleni na magazeti mikononi, na mwendeshaji akipita analikwapua moja, analisokomeza ndani ya jezi kifuani, anateremka nalo. Siku hizi timu zina makoti ya kila aina, lakini wale wa mwisho, wanaofika magari ya timu zao yameshawatangulia, bado wananyoosha mkono. Duilio huwapa hao wa mwisho tu. Wa mbele hajawahi kuwatazama. Kila Mzunguko ukipangwa kupita kwetu hukusanya magazeti miezi mitatu, anayapanga darini juu ya zizi la zamani.

Mwaka huu, siku moja kabla, nilimwambia nitapanda kuyashusha.

"Usipande. Nitayashusha mwenyewe."

"Ngazi naiweza."

"Nimesema nitayashusha, Nives."

Mwambie mwanamke mwingine maneno hayo, ataendelea na kufua. Mimi nilisubiri mpaka nilipoona fagio lake likipotea kuelekea kona ya saba, nikapanda ngazi. Nilimtafuta Wanda. Nilitafuta barua, picha, unywele. Nikapekua rundo zima la magazeti. Nyuma yake, ndani ya mfuko wa unga uliokunjwa mara mbili, nikakuta gazeti moja la zamani, limekauka kiasi kwamba nililishika kwa ncha za vidole.

Lilikuwa la siku iliyofuata ile hatua ya kumi na sita. Ukurasa wa kwanza, picha kubwa. Mvua, ukungu, gari, na mtu aliyevaa koti la mvua na kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi, mkono wake wa kulia umeshika dirisha. Koti lilikuwa limefunika namba ya mgongoni. Lakini kwenye fremu ya baiskeli, chini ya kiti, palikuwa na kile kibao kidogo cha namba, na kilisomeka wazi: 94.

Basi huyu hapa, nikajisemea, hata picha ipo. Nikakaa juu ya sanduku la tufaha. Sijui nilikuwa nikitarajia nini. Niliumia, nasema kweli, ingawa ni jambo nililoliamini siku zote.

Kisha nikauona mguu.

Duilio alipokuwa na miaka tisa, mbwa wa mchunga kondoo alimng'ata mguu wa kushoto, akaondoka na nyama ya nyuma ya mguu. Mama yake alinisimulia mara mia. Palibaki shimo, unaweza kuweka yai la kware likatulia. Mguu huo naujua kuliko uso wangu. Kila majira ya baridi naukanda kwa mafuta ya kafuri, maana ukipigwa na unyevu unamuuma. Na mguu wa kushoto wa mtu yule kwenye picha, uliokuwa mbele ya macho yangu, mtupu, unang'aa kwa maji, ulikuwa umejaa vizuri kama mkate uliotoka tanurini. Hapakuwa na shimo.

Nikajishuku hata mimi mwenyewe. Labda waligeuza picha kiwandani walipochapa gazeti, kulia kukawa kushoto. Nikatazama namba: tisini na nne ilisomeka sawasawa. Maandishi ubavuni mwa gari yalisomeka sawasawa. Nikateremka na gazeti hadi dirishani, nikavaa miwani, nikavua, nikavaa tena. Baiskeli ilikuwa ya Duilio, lakini mguu haukuwa wake.

Alipoingia alinikuta mezani, gazeti limetandazwa mbele yangu. Aliliona kabla hajaniona mimi. Akaegemeza fagio ukutani taratibu.

"Nilikuambia usipande."

"Huu mguu wa nani?"

Alinawa mikono. Alijifuta kidole kimoja kimoja. Kisha akakaa.

"Nahodha alikatika mnyororo kona ya nne," akasema. "Nikashuka, nikampa yangu. Ndiyo kazi niliyoajiriwa. Nilibaki pale na baiskeli mbovu nikisubiri gari letu, wakanipa nyingine, haina kibao. Nikapanda nayo mpaka juu, peke yangu. Hakuna aliyenitazama."

"Na yeye akashika gari. Juu ya baiskeli yako."

"Alikuwa nyuma ya wa kwanza kwa sekunde ishirini. Alitishika. Mwamuzi alipita na pikipiki kwenye ukungu, akaona kibao, akaandika namba. Kwenye mvua ndivyo wanavyofanya, wanaandika kibao." Akavuta pumzi. "Jioni walipotangaza, tulikuwa tunakula. Watu ishirini na tatu kwenye timu, wote tunakula kwa miguu ya mtu mmoja. Kila mtu akainamia sahani. Yeye pia. Basi nikainuka nikaenda kufunga begi."

"Hukusema neno?"

"Nilimpa baiskeli, Nives. Kilichofuata kilikwenda nayo."

Nilitaka kumpiga na kitu. Nilitafuta cha kumpiga nacho, nikaona kopo la sukari tu.

"Na torone?"

"Yake."

"Kila mwaka."

"Kila mwaka."

"Na umeniacha mimi niile. Miaka thelathini nimekula torone ya yule mtu."

"Ulikuwa unaipenda," akasema.

Nikaona aibu mpaka masikioni. Nikamfokea, kwa sababu nikiona aibu hufoka. "Mkeo mimi. Ungeshindwa nini kuniambia mkeo?"

Hakupandisha sauti. "Nilikuambia. Ulicheka."

Nilikusanya vikombe nikaviosha, vilikuwa safi. Nyuma yangu akasema, "Kesho usifanye lolote. Niahidi." Nilifungua bomba maji yatoe kelele, kwa hiyo naweza kusema kwamba sikuahidi.

Siku ya pili kilele kilijaa tangu saa nne. Watu walikuwa na viti vya kukunja, soseji, mvinyo ndani ya chupa za maji. Duilio alikwenda kusimama mahali pake pa kawaida, mita hamsini baada ya kilele, na rundo la magazeti chini ya jiwe yasipeperuke. Mimi nilisimama karibu na jiwe la Learco, ambalo lilikuwa limefunikwa kwa bendera. Chini ya kwapa nilikuwa na gazeti moja.

Ferlenghi alifika na gari lake lisilo na paa, nusu saa mbele ya mashindano. Nilimkagua kuanzia viatu. Nywele nyeupe, zimechanwa vizuri, skafu ya hariri. Akasalimia watu, akatabasamu pale alipotakiwa kutabasamu. Hakutazama upande wa Duilio, na mimi nikajua kwamba ameshamwona, kwa sababu mtu asiyejua mtu yuko wapi hutazama pande zote.

Akavuta bendera. Watu wakapiga makofi. Akasoma jina la Amilcare, akaendelea kulitazama jiwe, kana kwamba herufi zingine zimechelewa njiani.

"Na Bertagni?" akamuuliza Learco. "Bertagni si wa hapa?"

Learco akasogeza kipaza sauti mbali na mdomo. "Ni wa hapa, bwana Ferlenghi. Lakini alifukuzwa, lile suala la gari. Wewe mwenyewe utakumbuka."

"Nakumbuka," akasema Ferlenghi.

Nikasubiri. Hakuongeza kitu. Dereva wake akapiga honi fupi, maana gari la mgeni ni lazima litangulie kuteremka kabla barabara haijafungwa. Ferlenghi akampa Learco mkono, akageuka kwenda. Miaka thelathini na mitatu, na anatoroka tena kwa kuinamia sahani. Nikamkata njia.

"Huko chini kuna baridi, bwana," nikasema. "Gari lako halina paa. Tia hili kifuani."

Mikono yake ilifanya kazi kabla ya akili. Mtu aliyepanda milima miaka kumi na mitano, ukimpa gazeti kileleni, hakuulizi la nini. Alilipokea, akafungua vifungo viwili vya koti, akalitikisa likunjuke. Nilikuwa nimelikunja ukurasa wa kwanza uwe nje. Nikauona uso wake ukikutana na mguu wake.

Hakuniuliza mimi ni nani. Alitazama gazeti, kisha kwa mara ya kwanza akatazama kule mita hamsini, aliposimama Duilio. Duilio alikuwa ametugeuzia mgongo, anatazama kona, kama mtu ambaye jambo hili halimhusu. Dereva akapiga honi tena. Nilimtazama Ferlenghi mguu wake umeelekea wapi. Kama ungeelekea garini, naapa ningemshika skafu.

Alirudi kwa Learco.

"Andikeni jina la Bertagni."

"Bwana Ferlenghi, kanuni za klabu yetu..."

"Aliyeshika gari ni mimi." Akamwekea gazeti mikononi. "Baiskeli ni yake. Mguu ni wangu. Tazama."

Learco alifungua mdomo, na hapo hapo helikopta ya wapiga picha wa mashindano ikanguruma juu ya vichwa vyetu. Watu mia tatu wakatukimbia kuelekea barabarani, mvinyo umemwagika, viti vimeanguka. Kipaza sauti kilikuwa kimelala kwenye nyasi. Ungamo lililosubiriwa tangu ujana wetu lilisikiwa na watu wawili, mimi na mfamasia aliyekuwa amelishika gazeti juu chini. Gari lisilo na paa halikuweza kungoja, likateremka bila mgeni wake.

Ferlenghi alitembea hadi kwa Duilio. Mimi nilikwenda nyuma yake, hatua mbili, siwezi kumwacha mtu kama yule bila ulinzi. Wa kwanza walipita kama risasi, Duilio hakuwatazama. Likapita kundi kubwa. Wazee wale wawili walisimama bega kwa bega, miguu ya urefu mmoja. Kisha wakaanza kufika wa mwisho, mmoja mmoja, midomo wazi, macho hayaoni. Duilio akanyoosha gazeti, likakwapuliwa. Akanyoosha jingine.

"Nipe na mimi," akasema Ferlenghi.

Duilio akampa nusu ya rundo. "Lishike kwa juu," akamwambia. "Ukilishika katikati wanalichana."

"Duilio."

"Anakuja mwingine. Angalia mbele."

Waligawa hadi likaisha. Tulimteremsha na gari letu dogo, magoti yake yamegusa kidevu, na njia nzima walizungumza kuhusu minyororo.

Kijiji chetu ni kijiji chetu. Wiki iliyofuata walikuwa wakisema nimemtisha mzee wa watu, wengine wakasema nilimwonyesha picha ya kutengeneza. Learco alikaa na gazeti siku arobaini, akalipeleka hata kwa daktari wa mifupa autazame mguu. Mwezi wa nane fundi alipanda na patasi. Jina liko chini kabisa ya jiwe, herufi ndogo kuliko za Amilcare. Nilizipima kwa rula. Duilio alikwenda kulitazama mara moja. Alirudi akasema nyasi za pale zinahitaji kukatwa.

Mwezi wa kumi na mbili sanduku la Cremona likaja. Mara hii lilikuwa na jina la mtumaji, kwa ule mwandiko uliotulia: Ferlenghi Corrado, na mtaa, na namba ya nyumba. Nililigeuza pande zote sita. Duilio akalifungua, akatoa kisu, akakata torone vipande sawasawa. Nikangoja aisukume upande wangu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba siigusi.

Hakuisukuma. Alichukua kipande akatia mdomoni. Akatafuna kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Akachukua cha pili, na cha tatu, unga mweupe umemjaa kwenye masharubu.

Maswali nilikuwa nayo kama kumi. Nilimtazama akitafuna, na sikumuuliza hata moja.